Mali Bila Daftari: Tanzania na Kenya Katika Mitaa ya Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, anayetaka kuujua ujirani wa Tanzania na Kenya kwa kawaida huambiwa aende Namanga, ambako malori hupanga foleni, au Arusha, ambako wakubwa hutia sahihi mikataba. Safari hizo zina nauli kubwa. Ukurasa huu unakualika katika safari isiyo na nauli: kutembea kwa miguu, wewe na watoto wako, kutoka ufukweni mwa bandari ya Dar es Salaam hadi sokoni Kariakoo. Ni mwendo mfupi, lakini katika njia hiyo utayakuta mengi yaliyopita baina ya nchi hizi mbili, mapatano na magomvi, yakiwa yamehifadhiwa katika sanamu, katika majina ya mitaa, na katika bei za bidhaa.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ishike methali hiyo kama fimbo ya safari, kwani tutaihitaji njiani.

MALI YA SHIRIKA

Anzia Kivukoni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tazama meli zinavyoingia taratibu kwa mlango mwembamba wa bandari. Leo hii Dar es Salaam na Mombasa ni washindani. Kila moja huitafuta mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kijana wa siku hizi atashangaa akiambiwa kwamba palikuwa na wakati ambapo bandari hizo mbili zilikuwa chini ya mkubwa mmoja na daftari moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 6 Juni, 1967, viongozi wa Tanzania, Kenya na Uganda walitia sahihi mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Huduma kubwa zikawa mali ya nchi tatu kwa pamoja. Shirika la Reli na Shirika la Ndege yalikuwa na makao makuu Nairobi. Posta na Simu Kampala. Na Shirika la Bandari, lililosimamia Mombasa pamoja na Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, makao yake yalikuwa katika jiji hili. Ofisi kuu ya Jumuiya yenyewe ilikuwa Arusha.

Kabla ya hapo hata fedha ilikuwa moja. Hadi mwaka 1966 shilingi iliyonunua samaki Feri ndiyo iliyonunua viazi Nairobi. Kila nchi ilipotoa fedha yake mwaka huo, shilingi ya Tanzania ilikuwa sawa kabisa na shilingi ya Kenya. Mwaka 2025 aliyetaka shilingi 1 ya Kenya alihitaji kama shilingi 20 za Tanzania. Thamani ya sarafu moja moja si kipimo cha utajiri wa nchi, na yafaa mtoto aelezwe hivyo. Lakini inaonyesha jinsi wasafiri wawili waliotoka mlango mmoja walivyoshika njia mbalimbali.

Njia zenyewe zilianza kuachana mwaka ule ule wa 1967. Mwezi Februari Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, ikazifanya benki na viwanda vikubwa kuwa mali ya umma. Kenya ilishika njia ya mtaji wa watu binafsi na wageni. Viwanda vingi vya eneo zima vilikuwa Kenya tangu zama za ukoloni, na Watanzania wengi waliona kwamba faida ya soko la pamoja ilikuwa ikielekea Nairobi. Wakenya nao walihesabu kwamba wao ndio waliokuwa wakibeba mzigo mkubwa wa gharama. Kila mshirika aliamini kwamba anapunjwa. Hapo, ndugu msomaji, ndipo daftari lilipoanza kuchafuka.

ASKARI NA MPAGAZI

Acha bahari nyuma, panda na Mtaa wa Azikiwe mpaka ulipokutana na Barabara ya Samora. Hapo katikati amesimama Askari wa shaba nyeusi, bunduki mikononi, singe yake ikielekea bandarini. Wakazi wengi humtumia kama alama ya kuelekezana njia, na wachache husimama kumuuliza alitoka wapi. Alisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mahali hapo hapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann.

Askari huyu ana ndugu. Mchongaji wake, Mwingereza James Alexander Stevenson, ndiye aliyechonga pia sanamu ya ukumbusho wa vita hivyo iliyoko Nairobi, katika barabara ambayo sasa huitwa Kenyatta Avenue. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ya Dar es Salaam ina askari peke yake. Waliobeba chakula, risasi na majeruhi hawakupewa shaba katika mtaa huu. Kumbukumbu yao iko mbele, mwisho wa safari yetu.

Vita hivyo viliwakuta Watanganyika na Wakenya katika pande mbili zinazopigana, nao hawakuwa na ugomvi wowote. Wajerumani walitawala huku, Waingereza kule. Mpaka wenyewe ulikuwa umepigwa na Wazungu hao katika mapatano ya mwaka 1886 na 1890, ukawakata Wamasai, Wakuria, Wadigo na wengineo vipande viwili, mjomba akabaki upande mmoja na mpwa upande wa pili. Mpaka huo ndio ambao baadaye serikali zetu wenyewe zilikuja kuufunga.

MATUMAINI NA HASIRA

Ifuate Samora hadi Mnara wa Saa, kisha ingia Mtaa wa Uhuru mpaka Mnazi Mmoja. Wape watoto maji ya kunywa na mpumzike kivulini, kwani hapa pana mengi ya kusimulia.

Katika viwanja hivi umesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru. Watu husahau kwamba Julius Nyerere alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru huo kwa ajili ya majirani. Mwaka 1960 alisema kwamba Tanganyika ingekubali kungoja, iwapo kungoja huko kungeziwezesha Kenya, Uganda na Tanganyika kupata uhuru pamoja na kuwa shirikisho moja. Halikuwa. Tanganyika ilijitawala Desemba 1961, na Kenya Desemba 1963. Katikati ya hapo, tarehe 5 Juni, 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho. Nalo halikuwa. Kilichopatikana ni ile Jumuiya ya 1967, iliyoishi miaka kumi tu.

Mwanzoni mwa 1977 mambo yaliharibika kwa haraka. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililemewa na madeni na ugomvi wa nani alipe, likaacha kuruka. Kenya ikaunda shirika lake. Mwanzoni mwa Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka, ikayazuia magari na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande huu. Kufikia mwisho wa Juni bajeti ya pamoja haikupitishwa, na Jumuiya ikafa. Maneno makali yakafuata. Huku Kenya ikaitwa nchi ya mtu kumla mtu. Kule wakajibu kwamba Tanzania ni nchi ya mtu kukosa cha kula. Watu walicheka baa, lakini nyumbani hapakuwa na kicheko.

Mpaka ulifungwa kwa karibu miaka saba. Katika miaka hiyo kila upande ukawa kimbilio la mahasimu wa upande wa pili. Jaribio la kuipindua Serikali ya Kenya liliposhindwa tarehe 1 Agosti, 1982, Hezekiah Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo walikimbia kwa ndege ya kijeshi, wakatua Dar es Salaam. Nao Watanzania waliotuhumiwa kupanga njama dhidi ya Serikali yao walikuwa wamejificha Kenya. Mwaka 1983 nchi hizi mbili zilirudishiana watu hao. Ochuka alinyongwa Kenya mwaka 1987. Hivyo mojawapo ya milango ya kwanza kufunguliwa baina ya majirani hawa ulikuwa mlango wa usalama: kila mmoja alikuwa ameona hatari ya kumfuga adui wa mwenzake.

Wakati huo huo Mswisi mmoja, Victor Umbricht, alikuwa akifanya kazi isiyo na shangwe. Kwa miaka kama sita alikwenda huku na huku akihesabu vichwa vya treni, meli, majengo na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Novemba 1983 marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, wakapatana, na mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 walitia sahihi hati ya kugawana: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Hotuba za udugu zilikuwapo tangu zamani, nazo hazikuufungua mpaka. Uliofungua ni uhasibu. Watu walipoketi, wakaandika nani ana nini na nani anadaiwa nini, hasira ilipungua na njia ikaonekana.

Hata hivyo daftari lile lilikuwa na ukurasa uliobaki wazi. Makarani, mafundi, makuli na madereva wa treni wa Jumuiya walikuwa na mafao yao, na kwa wengi wa hapa Tanzania mafao hayo hayakulipwa kama walivyotarajia. Wazee hao walizunguka katika ofisi na mahakama kwa miaka mingi. Mwaka 2005 walifikia makubaliano na Serikali mahakamani, na malipo yakaanza. Lakini miaka iliyofuata wapo waliozidi kudai, na wakazi wa jiji hili wanakumbuka kuwaona wazee wenye mvi wakiandamana na kukaa barabarani. Wengine walikufa wakingoja. Nchi zilikwisha gawana. Mfanyakazi alikuwa bado yumo foleni.

JINA LA KARIAKOO

Sasa vuka Mtaa wa Lumumba, uingie Kariakoo yenyewe. Shika mkoba wako mbele na mwana mkono, maana watu ni wengi na mikokoteni haina breki.

Kabla ya vita Wajerumani walijenga hapa jumba ambalo halikuwahi kuwa soko wakati wao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, jeshi lao liliutumia uwanja huu kuwaweka wapagazi. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wetu ukakifanya Kariakoo. Nairobi nako pana mtaa wenye soko uitwao Kariokor, uliopewa jina na kikosi hicho hicho. Ni miji miwili, mzigo mmoja, na jina moja lililotamkwa kwa namna mbili.

Waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi waliofia porini haikuwafikia jamaa zao, kwa sababu majina hayakuandikwa vizuri au hayakutafutwa. Methali yetu ilikuwa na maana hata kabla ya Jumuiya kuzaliwa: aliyebeba ndiye aliyeachwa nje ya daftari.

Soko kuu, lenye paa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini ili kukinga maji ya mvua, lilibuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na kujengwa katikati ya miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, na Serikali ikatoa fedha za kulijenga upya. Lakini Kariakoo si jengo lile peke yake. Ni Mtaa wa Kongo, Msimbazi, Mkunguni, Sikukuu na mingineyo, ambako vitenge, vyombo, simu na viatu hununuliwa kwa jumla na wachuuzi wa Zambia, Malawi, Kongo, Komoro, Uganda na Kenya.

Simama kidogo usikilize. Mama mfanyabiashara kutoka Nairobi utamtambua kwa lugha.

“Hii ni pesa ngapi? Nipe mbili.”

“Shikamoo mama, karibu sana. Hiyo elfu kumi na tano, lakini tutaongea.”

“Marahaba. Kumi, na nachukua dazani.”

“Mama, hapo hata nauli ya kontena hairudi. Ongeza kidogo.”

Kijana wa Kariakoo angesema “naomba,” yule amesema “nipe,” wala hapana aliyekosa adabu. Kila mmoja amelelewa na mji wake. Baada ya dakika tano wamepatana, na furushi linashonwa tayari kwa basi. Huo ndio mkataba usiopigiwa picha na waandishi wa habari.

Wazee waliokuwa wakinunua hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 watakuambia habari nyingine. Mpaka ulikuwa umefungwa, vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha za kigeni, na mafuta ya magari yalikuwa ghali. Sabuni ya kufulia, mafuta ya kupikia na dawa ya meno vilikuwa vitu vya kupanga foleni. Vile vya Kenya vilipita njia za panya, vikauzwa kwa kunong’onezana, na bei yake ilikuwa na gharama ya hatari ndani yake. Mama wa Magomeni aliyetaka kipande cha sabuni ndiye aliyelipa. Kule nako wenye hoteli na magari ya watalii walipoteza njia ya kwenda Serengeti, na viwanda vikapoteza wateja. Kufungwa kwa mpaka hakukumaliza biashara. Kulihamisha faida kutoka kwa mwenye duka hadi kwa mlanguzi.

UGOMVI WA SIKU HIZI

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba, 1999. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005, na soko la pamoja mwaka 2010. Msukumo wake ulikuwa pia wa msiba. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Hapa walikufa watu 11, kule zaidi ya 200. Siku hiyo hapana aliyekuwa na haja ya kuelezwa kwamba usalama wa jirani ni usalama wako.

Hata hivyo vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada zaidi ya ng’ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya walioingia kutafuta malisho, na huko Namanga ikateketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa bila kibali, kwa hofu ya mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, akahutubia Bunge, na vikwazo vingi vikaanza kuondolewa. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways baina ya Nairobi na Dar es Salaam, kujibu kunyimwa haki ya ndege ya mizigo. Kwa siku chache jambo likamalizwa mezani. Wala si kila mvutano ni wa biashara: Mei 2025 Tanzania iliwarudisha kwao Wakenya kadhaa, akiwemo mwanasheria Martha Karua, waliokuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu.

Na Julai 2025 ugomvi ulifika hapa hapa tuliposimama. Wachuuzi wa Kariakoo walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba wageni, hasa kutoka China, wanauza rejareja mpaka vitu vidogo vidogo. Serikali ikatoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Amri haikuwataja Wakenya. Lakini Mkenya naye si raia wa Tanzania. Serikali ya Kenya ikalalamika kwamba jambo hilo linapingana na itifaki ya soko la pamoja.

Pande zote mbili zina neno. Kijana mwenye meza ya vocha Msimbazi ana haki ya kulindwa asimezwe na mwenye mtaji mkubwa. Msusi kutoka Kisumu, aliyeambiwa kwamba Afrika Mashariki ni soko moja, naye ana haki ya kuuliza soko hilo linaishia wapi. Swali lao halijibiwi kwa kutukanana wala kwa kuimba udugu. Linajibiwa kwa daftari: Watanzania wangapi wanafanya kazi Kenya, Wakenya wangapi huku, vitunguu na machungwa yetu yanauzwa wapi, na nani atapoteza mkate iwapo mlango utafungwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakaposikia tena kwamba majirani hawa wamekwaruzana, usikimbilie kushangilia upande wako kana kwamba ni mechi ya Simba na Yanga. Uliza kwanza hesabu iko wapi. Kisha uliza kama mchuuzi, dereva na mfanyakazi wameandikwa humo, au wameachwa nje tena.

Kabla ya kurudi nyumbani, mnunulie mwanao chungwa la Muheza. Mwambie kwamba machungwa ya mashamba yale huvuka pia Horohoro kwenda kuuzwa Kenya. Halafu mwulize anajua maana ya jina la mtaa huu, na akisema hajui, mweleze habari za wapagazi.